Weka Alama Ulipoyaona Mafuta

Kila asubuhi maji yakipwa, Mama Pacha huingia baharini mpaka magotini. Hukagua vizimba vya chaza wake kimoja kimoja. Huwasugua matope, na huwasemesha pia.

"Nenepeni, jamani. Mpishi anawasubiri."

Mumewe ni nahodha wa boti ndogo. Hupeleka maji na mboga kwenye meli zilizotia nanga nje ya bandari. Ni mtu mwema na mchapakazi, ila hajawahi kusema "sijui" tangu azaliwe. Wenzake gatini wanamwita Bwana Najua, naye huitika bila haya.

Siku moja mpishi wa hoteli alirudisha kapu zima la chaza.

"Mama, wananuka mafuta," alisema. "Nitajaribu mara moja tena. Wakinuka, nitatafuta kwingine."

Mama Pacha alikaa kwenye ngazi ya jikoni na kapu lake, akalia. Mpishi huyo ndiye mteja wake wa pekee, na vizimba vile ndiyo kazi yake yote.

"Ni zile meli kubwa," mumewe alisema. "Najua."

Jirani yao, dada mmoja mchangamfu, hufanya kazi ya kupima maji ya bahari. Alikuja kumpa pole Mama Pacha.

"Tunachora ramani ya uchafu wa bandarini," alisema. "Ukiona utando wa mafuta majini, piga picha kwa simu. Weka alama kwenye ramani, kisha andika saa na upepo unakoelekea. Alama moja haitoshi, maana mafuta yanatembea. Zikiwa nyingi, zinatuonyesha yanakotoka."

"Kazi ndogo hiyo," Nahodha akadakia. "Niachieni mimi."

Wiki chache baadaye jirani alirudi na ramani, akicheka.

"Shemeji, alama zako zote ziko kwenye gati kubwa la meli!"

"Ndiko yanakotoka."

"Lakini kuna siku gati lile lilikuwa tupu. Uliona mafuta ya meli gani?"

Nahodha akakohoa. "Niliyaona huku kwetu. Ila si tunajua wanaochafua ni wale?"

"Basi hukuweka alama, umetoa hukumu. Weka alama ulipoyaona mafuta, si kwa unayemshuku. Meli kubwa nazo huchafua, ni kweli, na ramani itazitaja yenyewe. Lakini ukiidanganya, nayo itakudanganya."

Mama Pacha alinyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

Tangu siku hiyo aliweka alama yeye mwenyewe, kila alipoona utando, hapo hapo aliposimama. Wanawake wengine wa pwani ile wakamsaidia. Ramani ikajaa. Alama zilianzia vizimbani, zikafuata mkondo wa maji, zikaenda kusongamana kwenye kigati kidogo kama sisimizi kwenye sukari.

"Baba Pacha," mkewe aliita polepole, "hapo si unapofunga boti yako?"

Nahodha aliitazama ramani. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Sijui," alisema.

Jirani alimuuliza, "Maji yanayojikusanya chini ya injini, asubuhi unayafanyaje?"

"Nayapiga pampu, yanarudi baharini. Ni maji tu yale."

"Na injini haivuji oili?"

"Inavuja kidogo..."

"Basi si maji tu, shemeji."

"Kumbe mimi nasugua, wewe unapaka!" Mama Pacha alifoka. Alikasirika kweli, na alikuwa na haki.

"Nisamehe, mke wangu. Kuanzia kesho nitayamwagia sabuni yapotee."

"Usithubutu!" jirani alisema. "Sabuni inayaficha machoni tu. Mafuta yanakatika vipande vidogo vidogo, yanashuka chini, na chaza wanayanywa."

Akamweleza la kufanya. Nahodha alimwita fundi, wakaziba panapovuja. Akaweka beseni chini ya injini likinge matone. Maji machafu sasa anayapiga pampu kwenye pipa, na pipa analipeleka bandarini, kwenye tangi la kupokelea mafuta machafu. Wenye boti wengine walimcheka. Aliwaonyesha ramani, akawaonyesha na zile alama alizokosea yeye mwenyewe, wakaacha kucheka. Wengi wao sasa wana mapipa.

Bahari ilichukua muda kujisafisha. Ule utando ulipungua, mwishowe Mama Pacha akakosa pa kuweka alama pale vizimbani. Hapo ndipo alipomwita mpishi.

Mpishi alisimama kwenye maji na kisu chake. Alifungua chaza mmoja kutoka kapu la Mama Pacha, akamnusa, akamla. Mama Pacha alimkazia macho. Mpishi akafungua wa pili, akamla. Akanyoosha mkono kwa wa tatu.

Mama Pacha akalifunika kapu kwa mkono wake, uso umejaa tabasamu.

"Baba, kuonja kumekwisha. Huyo ni wa kununua."