Uzi Usiokatika

Wapenzi wasomaji, ninyi mnaofuga na ninyi mnaolea, sogezeni viti mnisikilize. Haya yalitokea katika nyumba ya watu wenye akili timamu, wachapakazi, wasio na ugomvi na jirani. Ndiyo maana yanauma.

Chumba cha mbele cha nyumba hiyo kilikuwa karakana ya fundi wa makochi. Marobota ya vitambaa yaliegemea ukuta, vipande vya sponji vilitapakaa sakafuni, na cherehani kubwa ilikaa dirishani ipate mwanga. Kila Jumamosi alasiri, kazi ikiisha, Fundi alivua koti lake la kazi, akatoka uani, akapiga mluzi. Na hapo Jemadari akaja mbio.

Jemadari alikuwa mbwa wa kilo hamsini, kichwa kama ndoo, aliyeletwa angali mchanga ndani ya boksi la mabaki ya sponji. Alilinda nyumba nzima, lakini moyo wake aliugawa kwa watu wawili: Fundi, na binti yake wa miaka kumi na mmoja, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi. Mchezo wao ulikuwa kuvutana. Fundi alishika upande huu wa gunia kuukuu, mbwa akauma upande ule, Kitinda akawa refa.

"Baba, unaburutwa wewe!"

"Namwachia makusudi, asikate tamaa."

"Mwongo! Kiatu kimeshakutoka!"

Mkewe, aliyekuwa akipiga pasi barazani, alicheka hata akaisahau pasi juu ya shati. Naam, hiyo ndiyo amani waliyokuwa nayo, na wala hawakujua kuwa ni amani.

Siku moja mama huyo alimpeleka Jemadari kuchanjwa kwa daktari wa mifugo, akarudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Kilikuwa mpira mzito mweusi, wenye umbo la namba nane, mpana kupita taya za mbwa.

"Daktari amesema gunia tuliache," akamwambia mumewe. "Mbwa mkubwa apewe kitu asichoweza kukimeza, kirefu kiasi cha kuweka mkono wako mbali na meno yake, kisicho na nyuzi wala kitu cha kujazia ndani. Ukikikandamiza kwa ukucha kibonyee kidogo, kisije kikamvunja meno. Mchezo ukiisha kinawekwa juu, haachiwi akae nacho peke yake. Na kikianza kuchanika, kinatupwa."

Fundi aliugeuzageuza ule mpira kama mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake.

"Mama Kitinda, mji mzima umekalia kazi yangu. Yuko aliyewahi kudondoka?"

"Sijamsikia."

"Sasa mimi, mwenye mikono na cherehani, niletewe kitu cha dukani cha kuvutana na mbwa wangu? Watu si watanicheka?"

"Watu hawahusiki hapa, baba. Anayetafuna ni mbwa."

Fundi aliguna, akautundika mpira kwenye msumari juu ya cherehani.

Mwaona, ndugu zangu? Hakuwa bahili, maana mpira ulikwisha kununuliwa. Hakuwa katili, maana mbwa alimpenda kwa dhati. Ugonjwa wake ulikuwa ujuaji. Mtu anaijua kazi moja, basi anadhani amezijua zote.

Wiki ile ile alitengeneza kamba. Alichukua ile mikanda myembamba inayofumwa chini ya kiti kubeba uzito wa mkaaji, akaisuka mara tatu, akaishindilia sponji katikati, akaishona yote kwa uzi wa nailoni wa kijani kibichi alioupaka nta mara mbili kwa mkono wake. Akamwita seremala wa jirani, mtani wake aliyemtengenezea fremu za viti.

"Hii ya mbwa au ya kuvutia lori?" seremala akauliza.

"Vuta, usihutubu."

Wakavutana wanaume wawili wazima hata seremala akaenda chali juu ya takataka za mbao. Kamba haikuachia hata mshono mmoja.

"Uzi wangu haukatiki!" Fundi akatamba, na Kitinda akapiga makofi. Jemadari naye, asiyejua lolote, akatikisa mkia.

Kamba ikawa ya Jemadari, usiku na mchana. Alivutana nayo, akalala nayo chini ya meza ya kukatia vitambaa, akaitafuna peke yake wakati wenyewe wakiendelea na kazi. Haikupita mwezi, Kitinda akaja karakanani ameishika ncha.

"Baba, kamba inatoa nyuzi."

"Lete."

Akapunguza nyuzi kwa mkasi, akashona ncha mpya. Wiki mbili baadaye binti akarudi.

"Baba, kamba imepungua. Ilikuwa inafika hapa, sasa inafika hapa."

"Lete."

Akashona tena. Sikilizeni hapa kwa makini, maana ndipo penye kosa lenyewe. Katika kazi ya makochi hakuna kinachotupwa. Kiti kikichakaa hufumuliwa, hujazwa, hushonwa, kikarudi kwa mwenyewe kama kipya. Kwa mazoea hayo Fundi aliishona kamba ile mara tano, na kila mara aliweka uzi mwingi kuliko mwanzo. Mara zote tano hakujiuliza swali ambalo mtoto alikuwa akimkaribia nalo: kile kipande kilichopungua kimekwenda wapi?

Jumatatu moja Jemadari hakula. Jumanne alitapika povu la manjano, akasimama amepinda mgongo kama mzee aliyebeba gunia.

"Tumpeleke kwa daktari," mke akasema.

"Ameokota uchafu mahali. Mbwa hujitibu. Nina viti arobaini vya ukumbi, vinatakiwa Ijumaa."

"Baba, hata maji hataki," Kitinda akasema.

"Nimesema kesho!"

Kesho nayo ikawa kesho yake. Sikio la kufa halisikii dawa, nalo sikio lililokuwa likifa halikuwa la mbwa.

Asubuhi ya Alhamisi Jemadari alishindwa kusimama. Wakamlaza juu ya ubao wa kiti, seremala akaleta gari lake la kubebea mbao, wakampeleka. Njia nzima Kitinda alikishika kile kichwa kikubwa mapajani. Hakulia. Alikuwa akihesabu pumzi.

Daktari, mwanamke wa maneno machache, alimpa mbwa dawa ya usingizi akampasua. Haukupita muda mrefu akafungua mlango.

"Fundi, ingia peke yako."

Fundi akaingia. Juu ya meza, chini ya taa kali, aliona alichoonyeshwa, naye alitamani asingekiona.

"Wewe, ukitaka kitambaa cha mto kijikunje pembeni, hufanyaje?" daktari akauliza.

"Napitisha uzi. Nafunga fundo upande mmoja. Kisha navuta."

"Basi tazama. Hili bonge la sponji limekwama kwenye mlango wa tumbo. Hilo ndilo fundo lako. Uzi umeshuka utumboni, na utumbo umejivuta juu yake, ukajikunja. Kila alipopumua, uzi ulikuwa ukikata kama msumeno. Utumbo umetoboka mahali saba."

Fundi aliinama. Uzi ulikuwa wa kijani kibichi. Nta yake bado iling'aa.

"Haukukatika," alisema kwa sauti ndogo.

"Haukukatika," daktari akajibu. "Ungekatika, huenda angepona. Mngemleta Jumatatu pia, huenda angepona. Sasa sumu imeenea. Nikimwamsha, ataamka kwenye maumivu tu. Niruhusu nisimwamshe."

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Mlango haukuwa umefungwa sawasawa, na Kitinda alikuwa amesimama nje yake. Alikuwa amesikia neno kwa neno.

Akaingia bila kuitwa, akaweka kiganja juu ya kichwa cha Jemadari mpaka daktari alipomaliza. Hakumtazama baba yake hata mara moja.

Walimzika uani, kwenye ukuta wa nyuma. Fundi aliporudi karakanani alimkuta binti yake amepanda juu ya stuli, ameutoa ule mpira msumarini, anaupangusa vumbi.

"Hauna hata alama ya jino, Baba," akasema. Akauweka juu ya cherehani, akatoka.

Viti arobaini vya ukumbi vilikwisha Ijumaa, vikasifiwa. Watu wakavikalia, na hakuna aliyedondoka.

Miezi ikapita. Siku moja Fundi aliona mfuko wa shule wa Kitinda umeachia mkanda. Ni yeye aliyemshonea mfuko huo, na kila ulipochanika mtoto alikuwa akiuleta mbio hata kabla ya kuvua sare.

"Lete nikushonee, mwanangu."

"Asante, Baba," akajibu kwa adabu, kama anavyojibiwa mgeni. "Nitaupeleka kwa fundi wa viatu."

Fundi akabaki ameunyosha mkono.

MAFUNZO

Wasomaji wangu, asiwadanganye mtu kuwa haya ni mambo ya mbwa tu. Ni kweli kwamba mwenye mbwa mkubwa ampe kitu kigumu kiasi, kipana kuliko mdomo wake, kisicho na uzi wala sponji wala msumari. Ni kweli pia kwamba akikague kila baada ya mchezo, akiweke mbali, akitupe kikianza kumeguka. Na mnyama akikataa chakula, asingoje kesho. Haya yashikeni, yataokoa viumbe visivyo na mdomo wa kujitetea.

Lakini lishikeni na hili. Ustadi wa kazi yako si ustadi wa kila kazi. Mambo mengine yaliyoharibika hayataki kushonwa, yanataka kutupwa. Na mtoto anapokujia mara ya pili kukuambia kuwa kitu kimepungua, weka mkasi chini, umuulize anamaanisha nini. Fundi alijaliwa mke aliyemwonya, mtoto aliyemwonya, na mpira uliotundikwa mbele ya macho yake. Akavidharau vyote vitatu, akaamini uzi. Uzi haukumwangusha, ulikata kila kitu isipokuwa wenyewe.