Majora Mawili ya Hariri ya Zambarau

Kabla ya vita, duka la Adolphine pale Nyawera, mjini Bukavu, lilipata hariri kwa marobota mazima. Sasa ulikuwa mwaka wa 2001. Vitambaa vilifika kwa boti kutoka Goma, jora moja leo, jingine baada ya wiki tatu. Lakini vita au amani, binti wa Bukavu haolewi huku shangazi zake wamevaa matambara. Biashara ilikua. Adolphine alifungua duka la pili Nguba, akamkabidhi binti yake Joviale. Mumewe Gérard alikwisha kutafuta mahali pa duka la tatu, Nyalukemba.

Jumatatu moja, mteja aitwaye Constance aliingia Nyawera na vitambaa viwili vya zambarau. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi. Mashangazi ishirini walitaka kuvaa sare. Kumi walinunua Nyawera, kumi Nguba.

"Maman Adolphine, kuya huku inje. Angalia ku jua."

Juani, kitambaa kimoja kilikuwa kimekoza, kingine kimepauka.

"Batu batasema tuko familia mbili zenye hazipendane!" Constance alisema, karibu kulia.

Gérard alimvuta mkewe pembeni. "Sema ni kosa yabo. Bangenunua fasi moja, duka moja."

Kusema kweli, Adolphine naye alitamani kusema hivyo. Lakini maneno ya harusi hayana breki. Wiki moja tu, na duka la Nguba lingekosa wateja.

"Hapana, Papa Joviale. Ni siye tuliuzisha," alijibu.

Akamwita jirani yake Lucien, fundi cherehani. Zamani mzee huyo alifanya kazi ya kutia vitambaa rangi.

"Tonton, niliagiza rangi moja!" Adolphine alilalamika.

Lucien alicheka. "Rangi iko moja, sufuria haiko moja. Weye na dada yako mukipika sombe, inatoka sawasawa?"

"Hata!"

Lucien aliomba karatasi zilizobandikwa kwenye majora yote mawili; Joviale akaleta ile ya Nguba. "Soma hapa chini. Hii ni numero ya lot. Kila sufuria ya rangi iko na numero yake. Hii ni 14, ile ni 17. Usizichanganye kwa sare moja. Na usilinganishe rangi chini ya taa. Toka inje."

"Na harusi yangu?" Constance aliuliza.

"Mulishashona?"

"Bado."

"Basi kata kila kitambaa katikati. Kila shangazi apate jipe ya 14 na bluzi ya 17. Bote batafanana."

Siku mbili Adolphine alizunguka nyumba kwa nyumba, akikusanya vitambaa na kuomba radhi. Shangazi mmoja alimsema mpaka akaishiwa pumzi, kisha akamkaribisha chai. Jumamosi mashangazi ishirini waliingia kanisani, sketi zimekoza, blauzi zimepauka. Watu waliuliza nani alibuni mtindo ule! Adolphine alifurahi sana, ila hakujidanganya. Safari hii aliponea chupuchupu.

Tangu hapo, sare ya kundi moja ilitoka duka moja na lot moja. Katika kila duka walibandika ukutani vipande vidogo vya hariri, kila kimoja na namba yake. Kitambaa kisipotosha, hawakuuza.

Mwaka uliofuata duka la Nyalukemba lilifunguliwa. Mteja wa kwanza, Maman Georgette, alitaka hariri ya kijani ya wanawake thelathini. Joviale, aliyekuja kusaidia, alipima. Ilitosha ishirini na wanne tu. Gérard alilitazama kwa tamaa jora la kijani la lot nyingine.

"Maman, utusamehe," Adolphine alisema. "Haitoshi. Hii ingine haitapatana nayo. Lot moja yenye kutosha itakuya na boti, kiisha wiki mbili."

Georgette alitoka nje na majora yote mawili. Aliyaangalia juani kwa muda mrefu. Kisha akarudi.

"Duka ingine ingeniapia kama hizi ni rangi moja," alisema. "Nitangojea boti yenu."