Friji Lililovuta Karatasi

Karatasi ilivutwa.

Kidogo tu, upana wa ukucha, lakini ilivutwa, na ilivutwa kwenda ndani. Asiyejua kazi ya mafriji atauliza, karatasi kuvutwa ndiyo nini? Fundi akitaka kujua kama raba ya mlango bado inashika, anachukua kipande cha karatasi, anakibana mlangoni, nusu ndani nusu nje, halafu anavuta. Ikitoka kwa ulaini, raba imekwisha. Ikigoma, raba ni nzima. Anayevuta ni fundi. Tangu dunia iumbwe, friji halijawahi kumvutia fundi karatasi yake.

Na fundi mwenyewe hakuwa mtu wa kubahatisha. Walimwita Theluji. Alikuwa anapita zake barabarani, anasikia kompresa, injini ya friji, inakoroma ghorofa ya tatu, anapanda ngazi, anapiga hodi, anawaambia wenyewe: friji lenu lina siku tisa. Siku ya tisa linakata roho. Nimeshuhudia mimi, na anayebisha aje tubishane. Mafriji ya kawaida alikuwa anayatengeneza huku anakula. Haya ya kitajiri, yanayojengewa ndani ya ukuta na kuvishwa milango ya mbao mpaka mgeni anadhani ni kabati la nguo, hayo tu ndiyo yalimfanya anawe mikono kwanza.

Ila siku hiyo, tuseme ukweli, hakuja kwa ajili ya friji. Alikuja kumchukua dada yake.

Dada mtu, mdogo wake wa mwisho, alikuwa mpishi kwenye nyumba ile. Mwezi na nusu hajarudi nyumbani. Kila Jumapili alitakiwa aje kumwona mwanawe, binti wa miaka minne anayelelewa na Theluji, mjomba wake, na kila Jumapili alipiga simu: wiki hii siwezi, kaka. Mtoto akafika hatua ya kulala amekumbatia kiatu cha mama yake. Mara simu ikaja nyingine: friji linasumbua, njoo na vifaa. Theluji akamwambia yule mtoto, leo narudi na mama yako, akabeba kisanduku.

Akamkuta jikoni, saa sita mchana, jua la kukaanga mayai juu ya bati, na dada yake amevaa sweta mbili.

"Umekonda," Theluji akasema.

"Na wewe umenenepa. Ndiyo tumesalimiana?"

"Wenye nyumba wako wapi?"

"Wamesafiri. Nipo peke yangu." Alisema hivyo, halafu akatupa jicho kwenye friji, haraka, kama mtu aliyesema uongo mbele ya mwenye kuujua.

"Haya, lina tatizo gani?"

"Halina tatizo."

"Si uliniambia linasumbua?"

"Linasumbua ndiyo. Sijasema lina tatizo."

Theluji akacheka, akapanda kwenye kiti. Haya mafriji mapafu yake yako juu, nyuma ya wavu. Akaufungua, akakuta vumbi limejaa kwenye mabomba ya kutolea joto kama manyoya ya kondoo watatu, akalisafisha kwa brashi na mashine ya kunyonya. Akaangalia kipimajoto, nyuzi nne, sawasawa. Kompresa mbili, zote zinaimba vizuri. Akashuka, akachana karatasi, ndipo ikavutwa.

Akajiambia ni upepo. Akaiacha palepale, akachana nyingine, ndefu, akaibana, akaishika kwa vidole viwili. Hii haikuvutwa kidogo. Iliingia yote, polepole, taratibu, kama tambi mdomoni mwa mzee asiye na meno. Akafungua mlango ghafla. Maziwa, mayai, mboga, nyanya. Karatasi hakuna, hii wala ile. Na katikati ya harufu ya maziwa kulikuwa na harufu ya marashi mazito, ya kizamani, yale wanayopakwa maiti.

"Usilifungue fungue, kaka," dada yake akanong'ona. "Akiona mtu ana wasiwasi anachangamka."

"Nani?"

Dada akawa anaangalia vidole vyake. Vilikuwa vyeupe kwenye kucha, kama vya mtu aliyeshinda kwenye maji.

"Kulikuwa na joto," akasema. "Mwezi ule wa joto kali. Nikimaliza kupika nafungua mlango wa friji nasimama mbele, napoa. Kila mpishi anafanya. Sasa ukiwa peke yako, unasimama, unaanza kuongea. Namlalamikia mama mwenye nyumba, namlalamikia baba mtoto, mambo ya kawaida. Mlango ukikaa wazi dakika mbili kengele inalia, unafunga. Siku moja nikaongea, nikaongea, kengele hailii. Nikasema, laiti ningekaa hapahapa kwenye baridi hii, nisitoke tena." Akavuta mikono ya sweta mpaka kwenye vidole. "Akasema, sawa."

"Nani kasema sawa?"

"Tangu siku hiyo nikivuka mlango wa jikoni naungua. Sikutanii. Nikifika kwenye korido ngozi inaanza kuchemka. Nimejaribu mara nne. Ya mwisho nywele zilitoa moshi. Nikirudi hapa napoa. Unadhani mwanangu nimemtupa?"

Theluji hakutaka kuonekana ameogopa, hasa mbele ya mdogo wake ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Akatafuta jibu la kifundi. Hili friji lina kitu nyuma, kwenye uwazi wa ukutani, mnyama kaingia, gesi inavuja, mtu akivuta gesi anaona mambo. Dawa ya friji lenye wasiwasi inajulikana: unalizima, unaacha milango wazi lipumue, unasubiri, unaliwasha upya. Tena milango wazi ni lazima, friji lililozimwa likifungwa linaoza. Hiyo sheria hata mafundi vishoka wanaijua.

Dada yake alipoona mkono unakwenda kwenye swichi akamdaka shati. "Lisizimwe. Wenye nyumba wameniapisha. Wao wenyewe wakisafiri mwaka mzima linaachwa linanguruma."

"Wenye nyumba wanajua kula tu. Friji najua mimi."

Akazima.

Kimya kilichokuja hapo sijui nikifananishe na nini. Ile milango miwili mirefu ya mbao aliifungua mpaka mwisho, akaegesha kiti kimoja huku na kisanduku cha vifaa kule isijifunge, akasimama anajifuta jasho, akagundua kuwa hana jasho. Ndani ya friji taa ilikuwa imezimika, na lile giza la mle ndani lilikuwa refu kuliko friji, lilirudi nyuma kupita ukuta, kupita uwanja, na kutoka huko mbali, kwenye giza ambalo halikuwa na nafasi ya kuwepo pale, kikaja kitu ambacho hakikuwa na miguu lakini kilikuwa na hatua, hatua moja, kikatulia, hatua nyingine, kikatulia, na kila kikitulia chupa za maziwa ziligongana kidogo, ting, kama vile zinampisha mtu.

Kisha kikawapita. Hawakukiona, waliona sweta ya dada mtu inabonyea begani, alama za vidole sita.

Na mlango wa jikoni ukajifunga. Haukubamiza. Ulijifunga kwa ule mlio laini, mlio ambao Theluji alikuwa ameusikia mara laki nane maishani mwake, mlio wa raba inaposhika: pfuu. Akaukimbilia, akashika kitasa, akavuta kwa nguvu zote, na huyu alikuwa mtu wa kubeba kompresa mbili kila kwapa, mlango haukutikisika, ukawa unamvuta yeye kurudi, na hapohapo, kwa sababu mlango umefungwa, taa ya jikoni ikazimika, na dirisha lililokuwa na jua lote lile la saa sita likaanza kuganda kutoka kwenye pembe, weupe ukipanda juu ya weupe, mpaka mchana ukabaki doa dogo la ukubwa wa shilingi, kisha doa likafumba, na Theluji akaelewa, kwa akili yake ya kifundi iliyokuwa haijawahi kumdanganya, kwamba hawakulifungulia friji lipumue, walilihamishia jikoni, na kwamba sasa wao ndio maziwa, wao ndio mayai.

"Kaka," sauti ya dada ikasema gizani. "Sisikii miguu yangu."

"Nishike mkono."

"Nimekushika muda mrefu."

Theluji alikuwa hahisi kitu.

Ndipo yule akaongea. Sauti yake ilikuwa ya kompresa, ya chini, ya mfululizo, ikitoka kwenye kuta zote, hivyo maneno uliyasikia kwa meno kabla ya masikio.

"Mwenye kuzima nyumba yangu ni wewe?"

"Ni mimi, mzee," Theluji akajibu. Lile jitu la kujisifu barabara nzima lilijibu kwa adabu kama mtoto wa chekechea. "Nilikosea. Mwache huyu atoke, ana mtoto."

"Akitoka huyu, nani ataniongelesha? Miaka mingi wananifungua, wanachukua, wananifunga. Huyu peke yake alisimama."

Meno ya dada mtu yalikuwa yanagongana, kisha yakaacha, na kule kuacha ndiko kulikomtisha Theluji kuliko yote. Akafanya anachofanya fundi yeyote duniani mteja akikasirika. Akaahidi sevisi.

"Nitakuja mimi," akasema. "Nakuhudumia mwenyewe, simtumi mtu. Kila miezi sita."

Baridi ikaongezeka.

"Kila mwezi."

Kitu kikaanguka sakafuni karibu naye, kizito, laini. Alikuwa dada yake.

"Kila wiki. Kila Jumanne, saa sita. Nafungua, nasafisha, tunaongea." Na kwa sababu ulimi wa fundi una mazoea yake, akamalizia na maneno ambayo ameshawaambia wateja elfu: "Na siondoki mpaka kazi iishe."

Baridi ikaacha kuongezeka.

"Mpaka kazi iishe," ile sauti ikarudia, taratibu, kama mtu anayelamba kijiko. "Sawa."

Theluji akapapasa ukuta, akapata swichi, akawasha. Akasikia hatua zikirudi, chupa zikipisha, akaondoa kiti, akaondoa kisanduku, akafunga milango. Pfuu. Mlango wa jikoni ukaachia, na jua likamwagika. Akamwokota dada yake, akambeba mgongoni kupita korido, na ngozi yake haikuchemka. Mpaka getini dada alikuwa ameshaanza kulia, machozi ya moto, ya kawaida. Jioni ile binti alikabidhiwa mama yake, na kiatu kikarudishwa chini ya kitanda.

Jumanne ya kwanza Theluji alijaribu kutokwenda. Ilipogonga saa sita, uji uliokuwa ukichemka jikoni kwake uliganda ndani ya sufuria, moto ukiwaka chini. Akachukua kisanduku akaenda. Wenye nyumba walikuwa wamesharudi. Walimfungulia geti bila kumuuliza yeye ni nani, na hawakumwangalia machoni.

Siku hiyo kazi ilichukua saa moja. Wiki ya pili, saa tatu. Ya tano alitoka jioni, nyusi zina barafu, akaomba akumbushwe njia ya nyumbani. Dada yake akawa anamsindikiza na kumngoja nje ya geti. Akamleta mganga, bingwa aliyewahi kutoa majini kumi na saba kwa mtu mmoja kabla ya chai. Mganga aliweka kiganja kwenye geti, akakiondoa haraka, akakifuta kwenye suruali.

"Ningekuwa namtoa mtu aliyepagawa, ningemtoa," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu hakupagawa, binti yangu. Huyu ameahidi kwa mdomo wake."

"Kazi yenyewe itaisha lini?"

"Friji huwa linamaliza kazi lini?" mganga akauliza, naye aliuliza kwa kutaka kujua kweli.

Jumanne ya kumi na mbili dada mtu alingoja tangu saa sita. Jua likashuka, geti likafunguka, Theluji akatoka. Alitembea wima, shati limenyooka, kisanduku mkononi, hana barafu popote. Dada akainuka kwa furaha mpaka akasahau kandambili zake chini. Theluji akasimama, akamtazama kwa upole, akainamisha kichwa kama watu wanavyomheshimu mgeni.

"Habari za jioni, mama," akasema, na yule dada aliisikia ile sauti kwa meno kabla ya masikio. "Unamngoja fundi? Bado yuko ndani. Kazi haijaisha."

Akampita, akashika njia ya nyumbani alikolala mtoto, na kule nyuma ya geti, ndani ya ukuta wa jikoni, mtu akaanza kugonga.