Saa ya Mwenye Yadi

Asubuhi ile Febronia alikung'uta shuka, na vumbi la saruji likatoka.

Alisimama akaliangalia. Jioni iliyopita alikuwa amempelekea mumewe maji ya moto yeye mwenyewe, akamsugua mgongo kwa dodoki, akamwona anapanda kitandani akiwa msafi. Mlango ulilala na komeo. Sasa upande wa Mabula shuka ilikuwa ya kijivu, mahali pa mabega na mahali pa nyayo.

"Baba Jenifa, ulitoka usiku?"

"Nitoke niende wapi?" Mabula alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika kiatu kimoja kama mtu aliyesahau kinavyovaliwa. "Nimelala kama gogo. Ila nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala."

Akavaa, akatoka kwenda kazini.

Mabula alikuwa kuli katika yadi ya malori pembeni mwa mji wa Shinyanga. Kwa miaka mingi yadi hiyo ilikuwa ya kampuni ya Mhola, na wafanyakazi wake wote, kuanzia madereva hadi wafagizi, walikuwa kwenye chama cha kutetea haki zao. Mhola ikafilisika. Kampuni ya Upesi ikaja kununua yadi zake, hii ya Shinyanga na nyingine ya njia ya Rwamgasa kule Geita, ambayo ilikuwa bado imefungwa. Upesi walinunua mabanda, mizani na kiwanja. Chama hawakukitaka. Aliyehitaji kazi aliingia getini mmoja mmoja na kusaini peke yake. Wengi waligoma, wakasimama nje juani. Mabula alipita katikati yao akiangalia chini, kwa sababu nyumbani Ngokolo kulikuwa na watoto.

Kitu cha kwanza ambacho meneja mpya aliagiza kiondolewe ni ringi kuukuu ya lori iliyoning'inia kwenye mwarobaini. Zamani ilipigwa saa sita mchana, kila mtu akaweka mzigo chini na kukaa. Upesi hawakuwa na saa ya kukaa. Watu walikula kwa zamu, wamesimama.

Tangu hapo uchovu uliingia yadini. Makuli walipiga miayo tangu asubuhi. Abel, aliyekuwa mcheshi kuliko wote, alilala amesimama, mfuko wa saruji begani.

"Abel, nani anakulimisha usiku?" walimtania, kwa maana watu wa huku husema kuna wachawi wanaomchukua mtu usingizini akawalimie mashamba.

"Shamba gani? Mimi napakia malori," Abel alijibu, na wote wakacheka. Halafu kila mmoja akarudi kwenye mzigo wake, maana wote walikuwa wameota malori.

Lakini Mabula ndiye aliyeharibika zaidi. Mashavu yalibonyea. Alianza kunuka pamba mbichi iliyolowa, ingawa yadi ile haikuwa imehifadhi pamba tangu Febronia akiwa msichana. Tena aliamka gizani, jogoo hawajawika, akamsalimia mkewe, "Mwadila, mayu." Hiyo ni salamu ya Kisukuma ya kumwamkia mama jua likishapinda. Hakuna anayeisema alfajiri.

Siku moja Febronia alimpelekea chakula mchana. Jua lilikuwa utosini, hakuna upepo, na kivuli cha kila mtu kilikuwa kimejikunja miguuni pake. Mabula aliweka mfuko chini, akanyoosha mkono kupokea bakuli, na Febronia akaona kwamba kivuli cha mumewe kilikuwa bado kimeinama, kimebeba.

Usiku huo alimlaza akaweka sikio kifuani pake, na badala ya mapigo ya moyo alisikia kitu kizito kikitupwa juu ya mbao, pu, kisha nyayo zikirudi, kisha pu, nyayo nyingi zisizo na sauti ya mtu hata mmoja, na jinsi alivyozidi kusikiliza ndivyo harufu ya pamba ilivyozidi kumjaa puani, naye akawa anamwita mumewe kwa jina lake la ubatizo, Raphael, Raphael, kwa kunong'ona ili watoto wasiamke, na Mabula amelala chali, mabega yakipanda na kushuka chini ya shuka, yakipanda na kushuka, mpaka dirisha likaanza kuwa jeupe.

Walikwenda hospitali ya Kolandoto. Daktari alimpima vizuri, hakuona ugonjwa, akasema huyu apumzike.

"Nipumzike mara ngapi, daktari?" Mabula aliuliza kwa upole. "Kupumzika ndiko kunaniua."

Nje ya geti la hospitali, Febronia alimwacha kwenye benchi akaenda kwa Sostenes, ambaye aliishi jirani na hapo. Sostenes ndiye aliyekuwa akipiga ile ringi. Alimkuta uani anawamwagia bata maji, na beseni la bata lilikuwa ringi yenyewe, imewekewa turubai ndani.

"Shikamoo, baba. Wanasema wewe unajua ya yadi. Mume wangu anakufa."

"Marahaba. Mimi si mganga. Nilikuwa mwenyekiti wa tawi la chama." Hakugeuka. "Mumeo nani?"

"Mabula."

"Ah. Yule aliyepita mbele yangu getini anaangalia chini kama anatafuta sindano."

"Tulikuwa na watoto, baba."

"Na mimi niliyebaki nje nilikuwa na bata?"

 Febronia akakaa chini palepale penye tope. Sostenes alimwangalia, akaonekana amechoka hata kukasirika.

"Kiwanja kile kina mwenyewe," akasema, akishusha sauti. "Alikuwepo kabla ya Mhola, kabla ya kinu cha pamba. Tulipoanza kazi, watu walikuwa wanaanguka jua likifika utosini. Tukamleta mtu wa kusema naye. Hakutaka damu wala kuku. Alitaka saa moja ya mchana iwe yake, apite na mizigo yake, na asiwepo binadamu aliyenyanyua kitu. Tukagoma mpaka mwajiri akakubali. Kwenye mkataba tukaandika mapumziko ya chakula. Tungeandika nini? Jini?"

"Na Upesi?"

"Wamenunua yadi, mapatano yetu wameyaacha. Sasa saa yake anaichukua anapoipata. Anaichukua usingizini mwenu."

Kesho yake Mabula alikwenda kazini, maana hakuna aliyeweza kumzuia. Miguu ilikwenda yenyewe. Kabla ya saa sita Sostenes alishuka kwenye bodaboda, ringi mapajani, bado inanuka bata. Mlinzi hakumruhusu kuingia. Febronia alimpita na bakuli lake la chakula, kama kila siku.

"Wakae wote," Sostenes alimnong'oneza kwenye uwazi wa geti. "Mwenye kiwanja akiona hakuna anayebeba, atamwacha mumeo. Mzigo utaanguka wenyewe. Ukianguka, usiguswe. Saa nzima, usiguswe na mtu; atakayeunyanyua ataubeba yeye."

Akaining'iniza ringi kwenye nguzo ya nje, akaipiga kwa nyundo.

Makuli walisimama. Kila mmoja alijua kukaa ni kufukuzwa. Ringi ikalia tena.

"Mimi nimechoka, jamani," Abel alisema. "Wanifukuze nikalale." Akaweka mfuko chini, akakaa juu ya vumbi. Mwingine akakaa. Halafu wote.

Mabula peke yake aliendelea. Alitoka ghalani kwenda kwenye lori, akarudi, akatoka, uso mtupu, hata jasho hana, na nyuma yake kukawa na nyayo nyingine, na nyingine, zikiburuzika kwenye kokoto ambako macho hayakuona mtu, na harufu ya pamba ikawa nzito mpaka watu wakafunika pua kwa mashati, na Febronia akakaa katikati ya njia yake, akakunja miguu, akafumba macho, akasubiri kukanyagwa.

Mfuko ulianguka hatua moja mbele yake. Mabula akapiga magoti, akalaza kichwa mapajani mwa mkewe, akakoroma.

Hapo ndipo meneja alipotoka ofisini. Wiliam alikuwa kijana wa Moshi, mpole kwa kawaida, ila siku hizo macho yake nayo yalikuwa mekundu kwa simu za wakubwa wake.

"Nini hiki? Gari linasubiriwa Geita! Jamani, mnataka nifukuzwe mimi?" Akawaangalia waliokaa vumbini. "Haya. Kama kubeba ni kazi ya ajabu hivyo, angalieni." Akakunja mikono ya shati lake jeupe, akauinamia mfuko wa Mabula.

"Usinyanyue!" Sostenes alipiga kelele getini. "Kijana, usinyanyue!"

Febronia angeweza kumshika mkono. Ulikuwa karibu hivyo. Lakini mikono yake yote miwili ilikuwa kichwani kwa mumewe, na aliiacha hapo.

Wiliam aliuweka mfuko begani kwa mkupuo mmoja. Akatembea nao hadi kwenye lori bila kuyumba, kama mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote, akautua taratibu. Aliporudi alisema kwa sauti ya chini, "Basi. Saa hii kaeni. Kila siku kaeni."

Ringi ikarudishwa kwenye mwarobaini. Abel akaanza tena utani. Mabula alilala siku nyingi, akiamka kula uji tu, na mashavu yakaanza kurudi.

Asubuhi moja, giza bado halijaisha, hodi ilibishwa mlangoni. Febronia alifungua kidogo. Wiliam alikuwa amesimama barazani, gari likinguruma nyuma yake.

"Wamenihamishia Geita, kufungua yadi ile nyingine," alisema. "Naomba niende na Baba Jenifa. Namtaka awe msimamizi. Nahitaji mtu wa kunipokea mzigo."

"Bado anaumwa."

"Nimwone tu."

"Amelala," alisema Febronia, akaushika mlango kwa bega.

Wiliam aliitikia kwa kichwa polepole. Kola yake ilikuwa na vumbi la kijivu. Harufu ikaingia mlangoni, pamba mbichi iliyolowa. "Mwache alale," akasema. "Hivi mama, nyie mkilala mnapumzika?"

 Febronia angeweza kumtajia jina la Sostenes. Angeweza kumwambia akae chini palepale barazani. Ndani, Mabula akajigeuza kitandani.

Wiliam alikuwa ameshashuka barazani. Hakuwahi kujua hata neno moja la Kisukuma. Aligeuka, akainua mkono uliochoka.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," Febronia akaitikia, akafunga komeo.

Alisubiri gari lipotee kwenye njia ya Geita. Kisha akaenda kitandani, akainua ncha ya shuka upande wa mumewe, akaikung'uta taratibu asije akamwamsha. Ilikuwa nyeupe.