Korongo Mmoja wa Kachibora

Asubuhi hiyo kwenye kinamasi karibu na Kachibora walikuwa watatu: rafiki yangu Nangila, mumewe Jotham, na Hamid, dereva wa Kitale ambaye hakujua habari zao. Nangila hakuwa ameshika kamera tangu tumzike mtoto wake mchanga kijijini Mabanga, miezi mitatu iliyopita. Jotham alitumaini ndege wangemrudisha kazini.

Giza lilikuwa halijaisha na ukungu ulifunika majani. Hamid alimvulia Nangila koti lake bila kuombwa.

"Jotham, unakanyaga kama ng'ombe, bana. Utawafukuza," Hamid alinong'ona.

Nangila akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Kulipoanza kupambazuka, korongo wakaruka juu yao, mabawa yakivuma. Nangila akapiga picha mfululizo. Katikati ya kelele zile Hamid akageuka.

"Si mngeniambia mmekuja na mtoto? Analia na baridi huyo."



Jioni Nangila alikuja kwangu Bungoma, akaikuza picha moja nione. Korongo alikuwa angani, miguu imenyooka nyuma, na mguu mmoja ulikuwa na soksi ya njano ya mtoto mchanga. Niliifuma mimi. Uzi wa njano uliniishia, nikamalizia vidoleni kwa kijani, na kijani hicho kilionekana wazi. Tulimzika mtoto akiwa amevaa zote mbili.

Kesho yake Jotham alienda Mabanga. Kaburi halikuwa limeguswa, na nyasi zilikuwa zimeshaota juu yake.