Mkono Uliompa Ivan Dawa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Wayua alifagia ua, akateka maji na kuosha vyombo. Kazi zote hizo alizifanya kwa mkono wa kulia. Majirani wa pale kijijini Waa walishangaa, kwa sababu walimjua tangu utotoni kuwa ni mashoto. Zamani alikuna nazi, akarusha mawe na kuandika kwa mkono wa kushoto. Sasa mkono huo ulishinda ndani ya mfuko wa sweta kama mgonjwa aliyelazwa, na hati yake daftarini ilikuwa imeharibika hata yeye mwenyewe hakuweza kuisoma.

Mkono huo aliuficha tangu mdogo wake, Ivan, alipofariki mwaka uliopita. Ivan alikuwa na miaka minne. Aliposhikwa na homa, mama alinunua dawa ya maji dukani, na Wayua ndiye aliyekuwa akimnywesha. Mkono wa kulia ulishika kisogo cha mtoto, wa kushoto ukashika kijiko. "Dada, chungu," Ivan alisema kila mara, kisha akameza. Siku za matanga, jirani mmoja aliyekuwa akimenya viazi aliwaambia wenzake, bila kujua kwamba Wayua yuko nyuma yake, "Msichana yule alimpa dawa kwa mkono wa kushoto. Dawa ya namna hiyo itashukaje?"

Neno hilo lilimwingia Wayua na halikutoka. Tangu hapo Ivan hakuondoka nyumbani. Hakuonekana, lakini alikuwapo. Wayua akikoroga uji, alisikia, "Dada, chungu." Akiinama kufunga viatu, harufu ya dawa ile ilimjia puani. Mara nyingine mkono wa kushoto ulihisi uzito mdogo, kama wa kijiko, ingawa haukushika kitu. Hakumwambia mtu. Mama yake, Lenah, hakuwa mtu wa maneno mengi. Baada ya mazishi alifua nguo za Ivan, akazikunja, akazitia sandukuni, akarudi kazini.

Kazi yake Lenah ilikuwa kuosha vyombo vya vioo katika maabara ya chuo kimoja upande wa Msambweni. Muhula wa pili darasa la Wayua, Gredi ya Saba, lilialikwa kwenye maabara hiyo. Wanafunzi walivishwa makoti meupe na miwani ya kukinga macho. Lenah alikuwa kwenye karo akisugua chupa. Alimtazama binti yake mara moja, akasema, "Funga vifungo," akaendelea na kazi.

"Shikamoo, Daktari," wanafunzi walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Karibuni," alijibu Daktari Warda, mtafiti wa kemia aliyevaa buibui chini ya koti lake jeupe. Juu ya meza aliweka chupa mbili zenye unga mweupe. "Haya, nani ataniambia tofauti?"

"Moja ni sukari, moja ni chumvi," alisema Trevor, mcheshi wa darasa.

"Ukionja nitakupeleka hospitali mwenyewe," alisema Mwalimu Abdurahman, na darasa likacheka.

Daktari Warda akaeleza. Ndani ya chupa zote mbili mlikuwa na aina moja ya asidi ya amino. Asidi za amino ni kama matofali madogo sana yanayojenga nyama, damu na ngozi. "Lakini matofali haya huja mapacha," alisema. "Tazameni mikono yenu. Inafanana, sivyo? Basi jaribuni kutia mguu wa kulia katika kiatu cha kushoto."

"Trevor huvaa hivyo kila siku," msichana mmoja alinong'ona.

"Pacha mmoja tunamwita wa kushoto, mwingine wa kulia. Kwa macho huwezi kuwatenga. Ila mwili unawajua. Hata kijidudu cha malaria kinawajua. Sisi hapa tunajaribu kujenga kitu kidogo kitakachoingia ndani ya kijidudu hicho na kukizuia kula. Hatujafika, na huenda ikachukua miaka. Lakini tukichanganya mapacha hao, kazi yote ni bure. Kiatu hakitaingia."

"Na hii kofia iliyochorwa hapa ni ya nini?" Trevor aliuliza, akionyesha mchoro ukutani. Safari hii hakuwa akitania.

"Ahsante kwa swali. Kila tofali lina ncha mbili zinazopenda kushika. Ukiziacha wazi, zitashikana ovyo kama watu wanaogombania kuingia feri. Kwa hiyo ncha moja tunaivisha kofia. Ile isiyo na kofia inaungana na tofali tunalolitaka sisi. Tukimaliza, tunaivua kofia, tunaendelea. Unga huu umekwisha kuvishwa." Akagonga kifuniko cha chupa moja. Juu yake palikuwa na karatasi iliyoandikwa KUSHOTO. "Leo nitawaamini kwa kazi ya kweli. Kila wawili watapima unga kidogo wa chupa hii, hii peke yake. Mkimaliza nitaumimina katika kazi yangu."

Wayua aliwekwa pamoja na Trevor. Zamu yao ilipofika, Daktari alikuwa ameinama upande wa pili akiwasaidia wengine kusoma mizani. Trevor alishika kikaratasi cha kuwekea unga. Wayua alinyoosha mkono kuchukua kijiko kidogo cha chuma, na harufu ile ikaja. Unga mweupe, kijiko, dawa ya malaria.

"Dada, chungu."

Alitazama neno KUSHOTO juu ya kifuniko. Alimwona mtoto asiyemjua, mahali fulani, akinyweshwa dawa iliyotoka kwenye chupa ile, kisha akinyamaza kama Ivan alivyonyamaza. Trevor alipogeuka kumcheka mwenzake, Wayua alifungua chupa ya pili, ile iliyoandikwa KULIA, akachota, akapima. Mkono wake wa kulia ulitetemeka hata unga kidogo ukamwagika. Akafunga chupa. Kwa muda mfupi alihisi amemwokoa mtu.

Daktari Warda hakumimina unga wa mtu yeyote kabla ya kuukagua. Alichukua chembe chache za kila kikaratasi, akaziyeyusha, akaupitisha mwanga maalumu ndani ya maji hayo. "Pacha mmoja huupinda mwanga upande huu," alieleza, "mwenzake huupinda upande ule." Vikaratasi vyote vilisoma sawa mpaka alipofikia cha Trevor na Wayua. Akakirudia tena. Uso wake ukabadilika.

"Hiki si cha kushoto. Ningekimimina, ningeharibu kazi ya miezi. Nani aligusa chupa ya pili?"

Mwalimu Abdurahman hakungoja jibu. "Trevor, sasa umezidi. Mchezo mpaka hapa? Vua koti, utoke. Na safari nyingine za shule usahau."

"Mwalimu, mimi nilishika karatasi tu."

"Toka."

Trevor alianza kufungua vifungo. Wayua alitazama sakafu. Akinyamaza, siri yake itabaki salama. Akisema, itambidi aeleze kwa nini, mbele ya watu wote, na mama yake yuko pale karoni. Wote watajua kwamba yeye ndiye aliyemuua Ivan.

Trevor alikuwa amefika mlangoni.

"Ni mimi," Wayua alisema. "Trevor hakujua."

Daktari Warda alimsogelea. "Kwa nini, mwanangu? Uliniona nikionyesha chupa."

"Nilikuwa naogopa ile ya kushoto." Akamtazama Daktari. "Mdogo wangu Ivan nilimpa dawa kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana alikufa. Sikutaka mtoto mwingine afe."

Maji kwenye karo yakaacha kutiririka. Lenah alifunga mfereji, akajifuta mikono kwa aproni, akaja mpaka mbele ya binti yake.

"Nani alikuambia hayo?"

"Walisema kwenye matanga."

"Na wewe ukayabeba mwaka mzima peke yako." Lenah alivuta pumzi. "Nisikilize, maana sitayasema kwa mafumbo. Ivan alikuwa na malaria. Dawa ile ya dukani ilikuwa ya kushusha homa, si ya malaria. Ungempa kwa mkono wowote, isingemponya. Mimi na baba yako tulikaa tukingoja homa ishuke, badala ya kumpeleka kupimwa damu. Tulipofika hospitali, malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Wewe ulimshika kisogo asipaliwe. Hakuna mtu mle nyumbani aliyemtunza kuliko wewe."

Wayua alilia. Mama yake hakumwambia anyamaze. Alimshika mkono ule wa kushoto, akautoa mfukoni, akaushika hapo mbele ya watu mpaka kilio kikatulia.

"Na mwili wako wewe," Daktari Warda alisema taratibu, "umejengwa kwa matofali ya kushoto, karibu yote. Wangu pia. Na wa Ivan. Alhamdulillahi, ndivyo tulivyoumbwa."

Mwalimu Abdurahman alikwenda mlangoni. "Trevor, rudi. Nimekuhukumu bila kuuliza. Niwie radhi."

"Nimekuwia, Mwalimu," alijibu Trevor, akipangusa macho. "Lakini ile safari ya Shimba Hills niwekewe kiti cha dirishani."

Watu wakacheka kidogo, hata Lenah. Kisha akawageukia wanafunzi wote. "Mmesikia, basi mchukue funzo. Homa haiulizi dawa imetoka mkono gani. Inauliza ulikwenda kupimwa lini. Mtoto akipata joto mwilini, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo, msinunue dawa kwa kubahatisha. Na ukikosea kazini, sema kabla kosa lako halijamiminwa katika kazi ya mwenzako. Wayua amesema kwa kuchelewa, lakini amesema."

Daktari Warda alitupa unga ule katika chombo cha taka za maabara, akaweka kikaratasi kipya juu ya mizani.

Wayua alisimama mbele ya chupa yenye neno KUSHOTO. Alisubiri harufu ile ije, ikaja. Hakurudi nyuma. Aliufungua mkono wake wa kushoto, akachukua kijiko, akachota. Mkono ulikuwa mzito kwa kukaa bila kazi, lakini haukutetemeka, na chembe hata moja haikumwagika.

"Polepole," alisema mama yake, akirudi kwenye karo. "Hakuna anayekukimbiza."