Mizigo ya Bi Tatu

Jioni ile kitu kizito kilitua barazani. Kilikuwa kishindo kifupi, cha mzigo unaoshushwa na mtu aliyechoka, kikafuatwa na pumzi ndefu. Mwanne, mpishi wa nyumba, alikuwa ukumbini anapepeta mchele, akadhani mgeni wa treni amefika. Alijifuta mikono akatoka. Baraza lilikuwa tupu, limefagiliwa vizuri, ila hewa ilinuka ngozi mbichi iliyoloa mvua. Nayo mvua Tabora ilikuwa imeaga zamani, vumbi lilikuwa la kukata kwa kisu.

Hakumwambia mtu. Mwanne ni wa Nzega, na si mwepesi wa kutangaza jambo asilolijua. Alirudi kwenye ungo wake, akaendelea kupepeta.

Nyumba yenyewe iko Itetemia, pembezoni mwa mji. Ni nyumba ya zamani yenye kuta nene za udongo, iliyojengwa enzi misafara ya pwani ilipopita pale kuelekea Ujiji na kurudi na pembe za ndovu mabegani mwa watu. Bi Tatu aliirithi kwa mama yake, marehemu Bi Zuwena, akaifanya nyumba ya wageni akaiita Pumziko. Mume alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja, Yasmini. Kwa Yasmini, mama ndiye alikuwa baba, shangazi na ukoo mzima. Binti alisoma Dodoma, akapata kazi huko, akaiacha ili aje kukaa na mama yake. Watu walimcheka kwa hilo, na yeye hakujali.

Nyumba hiyo ilikuwa na miiko yake, aliyoiacha Bi Zuwena. Hodi ya magharibi haijibiwi karibu. Jua likizama mtu akabisha, mwenyeji huuliza kwanza ni nani, hutoka, humtazama tangu miguu hadi uso, ndipo amkaribishe. Ilisemekana kuna jini la njia, lililofuata misafara toka zamani, na hodi yake ni ya sauti ya msafiri aliyechoka. Tena jina la mama wa mtu halitajwi mbele ya asiyejulikana. Jina lako ni la kukuita, lakini jina lako pamoja na la mama yako ni la kukushika. Mganga yeyote, wa heri au wa shari, huanza kwa kuuliza hilo.

Yasmini aliijua miiko hiyo vizuri. Kosa lake ni kudhani inahusu milango ya mbao tu.

Wageni walikuwa wamekatika. Zamani mtu akishuka stesheni aliuliza watu, naye akaelekezwa. Siku hizi anauliza simu yake akiwa bado njiani, na akili mnemba inamjibu kwa pumzi moja kana kwamba ilizaliwa Tabora. Basi hiyo akili mnemba ilikuwa inawaambia watu kwamba Pumziko imefungwa kwa sababu ya kunguni. Kumbe Igunga kulikuwa na Tatu Saidi mwingine, jina moja na Bi Tatu, naye alikuwa na gesti iliyofungwa kweli kwa kunguni, na mashine ilikuwa imewafanya watu wawili kuwa mtu mmoja. Bi Tatu, anayechemsha mashuka mpaka yanapoteza rangi, aliposomewa hayo alijifunika khanga usoni akalia. Yasmini alikuwa hajawahi kumwona mama yake akilia kwa jambo la kibiashara, na hasira ilimpanda.

Alimpigia Consolatha, rafiki yake wa chuo aliyekuwa Dar akitengeneza tovuti za watu. Consolatha alimweleza kuwa mashine hizi hazipendi maneno ya kuzunguka. Andika swali kama mgeni anavyouliza, chini yake andika jibu lililonyooka. Sema ninyi ni nani, mko wapi, anayepokea ni nani. Panapoweza kuchanganywa, weka alama ya kuwatofautisha. Usiiache mashine ikisie, alisema, kwa sababu ikikisia inakosea, na ikikosea inakosea mbele ya watu wote.

Tabora majina ni yale yale, na watu wakitaka kutofautisha Tatu mmoja na mwingine hutaja mama zao. Yasmini alifanya kile ambacho mtu yeyote wa mji ule angefanya. Katika ukurasa wa maswali na majibu aliandika: Nani anapokea wageni Pumziko? Anayepokea ni Tatu binti Saidi, mama yake Zuwena binti Lukumani. Anapokea nani? Kila mgeni, saa yoyote, bila kuuliza atokako. Je, nibishe hodi? Huna haja ya kubisha hodi, umeshakaribishwa.

Alilipenda sana hilo la mwisho. Alimsomea mama yake majibu mengine, yale ya pilau na maji ya moto, wakacheka pamoja, hilo la majina akaliruka kwa sababu lilikuwa la mashine.

Haikuchukua muda. Akili mnemba ikaacha habari za Igunga, ikawa inaisifu Pumziko kwa adabu, maneno yale yale ya Yasmini. Wageni wakaja: wanunuzi wa asali, wakaguzi, watu wa semina. Mgeni njoo, mwenyeji apone, Bi Tatu alisema, akanunua mashuka mapya. Ndipo barazani pakaanza kutua mizigo.

Kwanza ulikuwa ule mmoja wa magharibi. Kisha ukasikika na alasiri, kisha asubuhi watu wakinywa chai: kishindo, pumzi, na ile harufu ya ngozi mbichi iliyochanganyika na jasho la mtu aliyetembea mbali. Wageni waliuliza nani ameshusha nini. Mwanne sasa alipika huku amefunga mlango wa jikoni kwa kitenge. Na Bi Tatu, aliyekuwa mwanamke mrefu wa kunyooka, akaanza kuinama. Shingo ilitangulia, kisha bega la kulia. Akipita ukumbini aliburuta miguu na kushika ukuta, na alipokaa alikaa kwa kishindo, akitoa pumzi ileile.

Mchana mmoja Yasmini alimpaka mama yake mafuta mgongoni, akakuta begani ngozi imekuwa sugu, nene, ya manjano, iliyochubuka pembeni ikapona ikachubuka tena. Lilikuwa bega la mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote.

"Mama, hii imekutoka lini?"

"Sema polepole. Wasisikie."

"Kina nani?"

"Wageni wako," alinong'ona Bi Tatu. "Wakifika wanatua kwangu. Mmoja akitua, nasikia mwingine anakuja. Mwanangu, mimi niliwakaribisha lini?"

Yasmini aliogopa sana, woga wa kitoto unaotaka mama, na mama ndiye aliyekuwa ameinama mbele yake. Alikwenda mwenyewe Igalula kumfuata Maalim Fikiri, mtu aliyejulikana kando ya reli yote kwa kutoa majini bila makeke. Walirudi pamoja. Bi Tatu alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akamtazama lile bega, akaomba mkeka na chetezo.

Baada ya alasiri alifukiza ubani, akamnywesha kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, akaanza kusoma, na sauti yake ilikuwa ya chini na ya kawaida mpaka pale nyumba ilipoanza kujibu, maana vishindo vilianza kutua barazani kimoja baada ya kingine, kisha ukumbini, kisha ndani ya chumba kile kile walimokaa, bila kuonekana kitu, na kila kishindo kilipotua kichwa cha Bi Tatu kilishuka zaidi kuelekea mkekani, na harufu ya ngozi na jasho na vidonda vilivyofungwa matambara ikajaa mpaka Mwanne akatapika mlangoni, na Yasmini aliyeshika mkono wa mama yake akauhisi ule mkono unakuwa mzito na mkavu na mpana, mkono wa mwanamume asiyemjua. Halafu kinywa cha Bi Tatu kikasema, kwa sauti ya kiume, ya upole, iliyochoka.

"Maalim, mimi si mwizi. Mwizi huingia bila kukaribishwa."

"Nani kakukaribisha?"

"Mwenyewe, kwa jina lake na la mama yake. Tangu pwani hadi ziwani nimebisha hodi, na kila mlango unaniuliza mimi ni nani. Nyumba hii peke yake ndiyo iliyoniambia nimeshakaribishwa."

Yasmini aliuachia ule mkono. Hilo hakuja kujisamehe, kwamba aliuachia.

Maalim alisoma mpaka mashavu yakamlowa jasho. Mwishoni kitu kilitoka kwa kukokota miguu, kikapita ukumbini, kikashuka baraza. Bi Tatu akanyooka. Aliomba uji, akaunywa wote, akauliza kwa nini Mwanne amelia.

Ndipo Maalim akamuuliza Yasmini ameandika nini, na wapi. Alimwonyesha. Maalim alisoma kwenye simu akiisogeza mbali na macho, akafika penye jina la Zuwena, akafumba macho. Hakumkaripia. Alisema neno la karibu hurudishwa na aliyelitoa, kwa hiyo ayafute maneno yale mbele yake. Yasmini aliyafuta, akaufuta ukurasa, akaifunga tovuti nzima.

Kesho yake wakati wa chai mzigo ulitua, na kikombe kikamponyoka Bi Tatu mkononi.

Yasmini alimpigia Consolatha, akamweleza nusu tu, ile nusu inayoelezeka. Consolatha alimjibu bila kujua anachokisema. Kufuta ukurasa wako si kufuta kilichokwisha kusomwa. Mashine zimeshakula maneno yale, kila moja kwa tumbo lake, na nyingine zimenakili kwa nyingine. Unaweza kuwaandikia wenye mashine hizo, wengine watajibu, wengine hutawapata. Akaongeza kwa kumtia moyo kwamba kazi yake ilikuwa nzuri kweli, wengi wanalia kwamba mashine haziwaelewi hivyo. Maji yaliyomwagika hayazoleki, Yasmini alijua, ila haya yalikuwa yanazidi kumwagika kila saa, na kwa mikono ya watu wasiokuwa na kosa. Mtu yuko ndani ya basi Singida, anauliza pa kulala Tabora. Mashine inamkaribisha kwa niaba ya Bi Tatu, kwa jina lake kamili, na mzigo unatua.

Aliandika maombi kwa kila mwenye mashine aliyeweza kumpata. Maalim alirudi, akamtoa yule mgeni. Akarudi tena, akamtoa. Mara ya mwisho alikaa barazani akivaa viatu vyake taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshindwa.

"Mimi namtoa hapa, yeye anaitwa kule," alisema kwa sauti ya chini. "Siwezi kumfungia mlango mtu anayekaribishwa kila saa. Watu wakiacha kuuliza, labda atachoka. Wasiulize, Yasmini. Hiyo ndiyo dawa iliyobaki."

Wakaifunga Pumziko. Kibao kiling'olewa. Yasmini aliwaomba wageni wote wa zamani, mmoja mmoja, wasiitaje nyumba ile wala kuitafuta, na watu wakasema binti wa Bi Tatu amechanganyikiwa. Alikubali asemwe. Miezi ikapita, na watu husahau, hilo ni jema lao moja. Vishindo vilipungua. Vikawa vya hapa na pale, kisha vikanyamaza. Sugu begani mwa Bi Tatu ilianza kulainika, akanyooka taratibu, akaanza kutoka kwenda kwa majirani, akarudia kuimba jikoni zile nyimbo zake za harusi anazozikosea maneno. Walikuwa hawana kitu, wanakula mlenda na ugali wa jana, na Yasmini hakumbuki wakati aliowahi kuwa na furaha kama ile. Usiku alilala. Mama alikuwa mzima.

Lakini moyo wa mtu aliyewahi kuogopa haukubali kupewa tu, unataka uhakika. Kila aliposikia mama yake akikohoa alijiuliza: je, wenye mashine wamefuta? Jina limetoka, au linasubiri? Asubuhi ile jua lilikuwa limeingia mpaka ukumbini, Mwanne amekwenda sokoni, Bi Tatu yuko jikoni anaimba huku anakoroga uji. Yasmini alitaka kumpelekea habari njema. Alitaka aingie jikoni aseme, mama, yamekwisha kabisa, hakuna anayekujua. Akachukua simu, akaandika: Nani anapokea wageni Pumziko, Tabora?

Jibu lilikuja upesi, kwa adabu.

Anayekupokea ni Tatu binti Saidi, mama yake Zuwena binti Lukumani. Huna haja ya kubisha hodi, umeshakaribishwa.

Wimbo ulikatika jikoni. Mwiko ulianguka.

Yasmini alikimbia. Bi Tatu alikuwa amepiga magoti kando ya jiko, paji la uso linakaribia sakafu, mikono imerudi nyuma imeshikilia kitu kisichoonekana kisimponde, na ile ngozi ya begani iliyokuwa imeanza kupona ilikuwa imepasuka, damu inaloanisha gauni. Alijitahidi kugeuza uso. Macho yalikuwa yake bado, yamejaa machozi.

"Nani tena huyo aliyeuliza, mwanangu?"

Yasmini aliificha simu ndani ya khanga yake, akasema hajui.